Saa Nane ya Mchora Ramani

Vijiko vyangu vyote vya chai vimepinda shingo, na mtu aliyevipinda hakuwahi kuniomba radhi. Wageni huvitazama, wakakoroga chai yao kimya, nami huwaacha wafikiri wanavyotaka. Nikianza kueleza itabidi nieleze dashibodi ya gari, mishale ya geji, saa iliyokwenda kinyume na saa za dunia nzima, na mzee mmoja aliyenichosha roho miaka yote tuliyokuwa majirani mjini Homa Bay.

Jina lake sitalitaja. Mtaani tulimwita Mchora Ramani, kwa sababu hiyo ndiyo kazi aliyostaafu nayo. Alitoka ofisini na kalamu zake, wino wake, bikari, na lenzi nzito ya kukuza maandishi ambayo wenzake walimpa kama zawadi ya kuagana. Mimi nilikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili, nikiishi nyumba iliyogusana ukuta na yake. Mama yangu alikuwa Migori. Mzee na mkewe walikuwa wakienda Migori mara moja kila mwezi kumwona dada wa mke, na mimi nikawa napata lifti katika gari lao dogo la bluu. Ndivyo nilivyojitia matatani.

Niseme mapema jambo ambalo yeye alikataa kulisema kwa miaka minne. Macho yake yalikuwa yanaingia ukungu. Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Dani, yaani bibi kwa Kijaluo, alijua. Mimi nilijua. Ng'ombe wa barabara ya Rodi walijua, maana walikuwa wakitoka njiani wakisikia tu mlio wa lile gari. Ni yeye peke yake aliyekuwa na maelezo mengine.

"Herufi za siku hizi ni ndogo," alikuwa akisema.

Gazeti lilikuwa na herufi ndogo. Kitabu cha nyimbo kilikuwa na herufi ndogo. Na siku aliposhindwa kusoma spidi ya gari lake mwenyewe, kosa likawa la watu waliotengeneza gari. Mtu mwingine angetafuta miwani. Mchora Ramani aliona ni rahisi zaidi kuichora dashibodi upya.

Nilidhani ni mzaha. Jumamosi moja asubuhi alinigongea ukuta, nikaenda, nikakuta meza yao ya chakula imetandikwa magazeti na juu yake uso mzima wa dashibodi, umeng'olewa, nyaya zikiwa zimefungwa vitambaa vya rangi mbalimbali ili azitambue. Dani alikuwa amesimama mlangoni na sufuria ya uji, hana pa kuiweka.

"Nyara," akaniambia, ndivyo Wajaluo wanavyomwita binti yao, "niletee vijiko mbili ya chai."

"Vya kwako viko wapi?"

"Dani ameficha."

"Kwa nini ameficha?"

"Muulize mwenyewe. Mimi niko kazini."

Nilileta. Ndipo nikajua kwamba mshale wa geji hautolewi kwa vidole, utavunjika. Unaingiza kijiko upande huu na kijiko upande ule, unabonyeza vyote viwili pamoja, polepole, mpaka mshale uruke kutoka kwenye kipini chake. Ukiruka vizuri unaanguka mezani. Wa kwanza uliruka vibaya ukaingia kwenye uji. Dani aliutafuta kwa mwiko, akautoa, akaulamba, akamrudishia. Vijiko vyangu vilirudi vimepinda, nami sikusema kitu siku hiyo kwa sababu nilidhani ni mara moja tu.

Haikuwa mara moja. Alibadilisha zile nyuso mara tano au sita katika miaka hiyo, kila mara herufi zikizidi kuwa kubwa. Alikata karatasi ngumu ya nyuma ya kalenda, akatoboa tundu katikati, akachora kwa bikari na wino mweusi akiwa ameketi barazani penye jua kali, lenzi jichoni. Ukimwita aje kula, jibu lilikuwa moja, "Polepole, napima." Ukimwuliza tutaondoka saa ngapi, "Polepole, napima." Nilimsikia akimjibu Dani hivyo siku paa lilipokuwa linavuja, naye alikuwa hapimi chochote, amelala.

Na hebu niseme alichokiandika, maana hapo ndipo nilipokuwa nikipandwa na hasira. Kwenye spidi hakuandika namba. Alisema namba hazimsaidii mtu. Mahali pa thelathini aliandika "Sokoni". Mahali pa hamsini aliandika "Dani yuko ndani". Mahali pa sabini, "Niko peke yangu". Baada ya hapo aliacha peupe, akasema huko hana shughuli. Geji ya joto ilianza na "Ziwa", katikati ikawa "Maji ya kuoga", na juu kabisa "Chai". Geji ya mafuta ndiyo aliyoipenda zaidi, kwa kuwa ilikuwa ramani. Tangi likijaa mshale ulisimama Ntimaru, kule mwisho kwa Wakuria. Ukishuka ulipita Migori, Awendo, Rongo, Rodi, na chini kabisa paliandikwa "Tembea".

"Mshale ukiwa Awendo," alinieleza, "maanake mafuta itatufikisha Awendo."

"Kutoka hapa Homa Bay."

"Ndiyo. Kutoka hapa."

"Na tukiwa tunatoka Migori kuja huku?"

Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi mvivu. "Unageuza kwa kichwa."

Mimi ndiye niliyekuwa nikigeuza kwa kichwa, kila mwezi, njia nzima, nikiwa nimeshika mkoba magotini na kuhesabu vituo vya petroli. Yeye alikuwa akipiga mluzi.

Alipotoa mshale wa spidi kwa mara ya kwanza hakuweka alama mahali ulipokuwa umesimama. Aliurudisha kwa kubahatisha, na kutoka siku hiyo gari lilikuwa linakwenda "Sokoni" likiwa limeegeshwa nyumbani. Nilimwambia autoe tena aurekebishe. Akakataa. Alichukua kalamu akachora sifuri mpya pale mshale ulipokuwa umelala, kisha akasogeza maneno yote mbele. Mtu aliyetumia maisha yake yote kulalamikia wapima ardhi wanaosogeza mipaka.

Taa za ndani nazo zilikuwa hafifu kwake, akasema zina rangi mbaya. Alinigongea ukuta akataka rangi yangu ya kucha. Nilikuwa na chupa moja, nyekundu, niliyoiweka kwa harusi ya ndugu yangu. Alizipaka balbu zote. Tukisafiri jioni dashibodi iliwaka nyekundu, na Dani alisema amekaa jikoni miaka arobaini na sasa jiko limemfuata garini. Nilikwenda harusini na kucha tupu.

Trafiki mmoja karibu na Rongo alitusimamisha akamwuliza alikuwa anakwenda kasi gani.

"Dani yuko ndani," akajibu.

Trafiki akamtazama Dani, akaniangalia mimi, akainamisha kichwa dirishani, akasoma mwenyewe. Alisoma kila kitu, kutoka Ziwa mpaka Tembea. Kisha akasimama wima, akatuambia twende, na kwa sauti ya mtu aliyechoka akaniambia mimi, si yeye, "Madam, chunga hawa wazee." Kama kwamba ni mimi niliyewazaa.

Lakini mniamini nikisema alikuwa na mkono mzuri. Ramani zake za zamani zilikuwa zimetundikwa ukutani mwao, na jina la kila kijito lilikuwa limeandikwa kwa herufi ndogo zilizofuata mkunjo wa maji. Kutokana na mkono huo alijipa haki ya kuhukumu maandishi ya kila mtu. Hatukuweza kupita mjini bila yeye kusimama mbele ya kibao cha duka, hoteli au kinyozi na kutoa hukumu. Kulikuwa na mchoraji wa vibao aliyekuwa akijificha akimwona. Herufi iliyoinama, yeye alisema imelewa. "Hiyo R imelewa," alikuwa akisema kwa sauti, watu wakisikia, mwenye duka akisikia. "Muishikilie, itaanguka juu ya mteja." Nilikuwa nikitembea hatua tano nyuma yake, nikijitia simjui.

Sasa nije kwenye saa, maana hiyo ndiyo iliyotugharimu.

Katika ile dashibodi kulikuwa na saa ndogo ya mishale upande wa kulia. Sote, tangu shuleni, tumezoea kutazama saa, tukaona tisa, tukasema saa tatu. Tunaona nane, tunasema saa mbili. Hatufikiri. Jicho linaona kitu kimoja na mdomo unatamka kingine. Mchora Ramani aliamua huo ni upumbavu wa nchi nzima. Akachora uso mpya ambao juu kabisa, pale penye kumi na mbili, aliandika 6. Penye saba akaandika 1, penye nane akaandika 2, na kuendelea hivyo mpaka akauzunguka wote. Ukitazama unaona moja, unasema saa moja. Basi.

"Mtu anaona nane, anasema mbili, na hakuna mtu anacheka," aliniambia. "Wewe ni mwalimu ya Kiswahili. Hiyo si aibu?"

Hoja ilikuwa ya kweli, na hilo lilinikera zaidi. Lakini hakuna binadamu aliyeweza kuisoma ile saa. Niliitupia jicho asubuhi moja tukitoka, nikaona 1, mdomo wangu ukasema saa saba, moyo ukaruka kwamba nimechelewa shule, na jua ndiyo kwanza linachomoza. Fundi aliyelitengeneza gari alidhani mzee ameugua. "Mzee, saa yako imesizi," kijana akamwambia, "iko nyuma six hours." Mtu pekee aliyeisifu alikuwa Mwislamu mmoja kutoka Pwani, mwenye duka la vifaa vya ofisi pale mjini, ambaye mzee alikuwa akinunua wino kwake. Alitoka dukani, akainama dirishani, akaitazama kwa muda.

"Hii ndiyo saa khasa," akasema. "Marehemu babu yangu alikuwa na yake ukutani namna hii hii. Kila magharibi akiitia ufunguo akiirudisha kumi na mbili. Mola akuweke, mzee wangu."

Baada ya hapo hakushikika. Mwezi mzima nilisikia habari za babu wa mwenye duka.

Kwa hiyo alizoea. Alikuwa akikaa ndani ya gari hata likiwa limeegeshwa, akisikiliza redio na kutazama saa yake. Miaka miwili jicho lake lilikuwa likiona nane na mdomo wake ukisema nane. Kumbukeni hilo.

Macho nayo hayakumngoja. Kuna siku alipunguza mwendo karibu na Rodi, akateremsha kioo, akasema kwa adabu, "Panda, mama, tunaenda Migori." Lilikuwa gunia la makaa. Dani alicheka mpaka akatoa machozi, na mimi nilicheka. Mwezi uliofuata hatukucheka. Tulikuwa tunakata kona kabla ya Rongo, watoto wa shule wamejipanga ukingoni na ndoo zao za maji, na gari likawa linawaendea moja kwa moja. Nilirukia usukani kutoka kiti cha nyuma. Tukaingia kwenye shamba la miwa, kimya, majani yakigonga vioo. Watoto walisimama pale pale na ndoo zao. Hakuna aliyeguswa.

"Nani ameweka hiyo kona hapo?" akasema.

Nilimfokea. Sijawahi kumfokea mtu mzima namna ile. Nilimwambia ni macho yake, si herufi, si kona, si balbu. Dani hakufoka. Aliingiza mkono, akachomoa ufunguo, akaufunga kwenye pindo la leso yake mafundo mawili. Kutoka siku hiyo aliyeendesha gari ni mimi. Mzee aliketi kando yangu na sharti lake lilikuwa moja tu, kwamba dashibodi isiguswe.

Kanisani lilitolewa tangazo kwamba madaktari wa macho kutoka mbali walikuwa wakifika katika hospitali moja ya misheni nje ya mji wa Migori, mara moja kwa mwaka. Dani akampeleka kupimwa siku niliyokuwa kwa mama. Wakasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba wataanza na la kulia. Wakampa kadi yenye siku na saa. Wakamwambia pia, kwa mujibu wa Dani, kwamba akikawia sana lile jicho linaweza kuharibika lisitengenezeke tena.

Kadi alikaa nayo mwenyewe mfukoni. Hakumpa mtu. Jioni alinigongea ukuta.

"Nyara, ni Jumanne ijayo. Saa nane."

"Saa nane mchana? Madaktari wanaanza kupasua mchana?"

"Wanajua kazi yao."

"Hebu nione kadi."

"Mimi nimesoma na lenzi. Unafikiri siwezi kusoma namba moja?"

Ningeishupalia ile kadi. Lakini Jumanne nilikuwa na vipindi vitatu asubuhi, na saa nane ilinifaa. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba ilinifaa.

Asubuhi ya safari ile Dani aliniambia kwamba mumewe hakulala usiku kucha. Alikuwa amemwuliza jambo moja tu. "Wakiharibu, nitabaki na nini?" Mkono wake bila jicho haukuwa na maana kwake. Ndiyo sababu ya visingizio vyote vile, herufi na kona na rangi ya balbu. Nilipolisikia hilo nilimwonea huruma sana, na nikaapa kwamba siku hiyo sitamkaripia hata kidogo.

Tulitoka mara tu nilipomaliza vipindi vyangu. Mzee ambaye hajawahi kuwahi popote alinihimiza njia nzima mpaka tukafika hospitali nusu saa kabla ya muda, amevaa suti, shingo imekazwa na tai. Ua lilikuwa tupu. Kwenye veranda walikuwa wameketi watu saba, jicho moja limefunikwa, kila mmoja na ndugu yake pembeni. Muuguzi aliyekuwa akikunja mashuka alituangalia, kisha akaangalia daftari.

"Mzee, ni wewe? Tumekuita mara tatu."

"Mimi niko mapema," akasema. "Kadi inasema saa nane."

Akatoa kadi, akatoa lenzi, akaiweka chini ya pua yake pale pale juani. "Hii hapa. Nane."

Muuguzi hakumcheka, na ninamshukuru. "Ni eight, Mzee. Eight ni saa mbili asubuhi. Madaktari wamemaliza, wananawa. Kesho wako Ntimaru, halafu wanarudi kwao. Hapa ni mpaka mwaka ujao."

Alibaki ameishika lenzi. Mtu aliyefanya kazi ya ofisi miaka thelathini, akiona eight na kusema mbili kila siku iendayo kwa Mungu, na miaka miwili ya kipande cha kalenda ikamfuta yote. Hata mtoto wa darasa la kwanza wa Homa Bay asingekosea vile. Dani alikaa kwenye benchi, akavua viatu, akaviweka kando yake, akatazama ukuta.

Nilikwenda kumsihi daktari mwenyewe, aliyekuwa tayari anafunga sanduku lake. Alinijibu kwa upole kwamba vifaa vya hapa vimekwisha, na orodha ya Ntimaru imejaa. Niliporudi walikuwa wameshaingia garini.

Tulipita Awendo. Nilikuwa nimejaa maneno. Nilitaka kumwambia kuhusu saa yake, babu wa mwenye duka, vijiko vyangu, watoto wa ndoo. Nilikuwa nachagua nianze na lipi. Tulipokaribia Rongo, naye akiwa ameelekeza uso kwenye dashibodi ambayo kwake sasa ilikuwa giza tu, akaniuliza.

"Nyara. Lakini imeandikwa vizuri, donge?"

Donge ni kusema, au siyo. Nilitazama. Uso ule wa mwisho alikuwa ameuchora miezi michache nyuma, macho yakiwa yamekwisha kabisa. Rongo ilikuwa imepanda juu ya Awendo. R yake ilikuwa imelala chali. "Dani yuko ndani" ilianza kubwa, ikaisha ndogo, na neno la mwisho lilikuwa halina i. Namba za saa zilisogeleana upande mmoja na kuacha pengo upande wa pili. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimemwambia kila ukweli uliokuwepo, kwa sauti, mara nyingi mbele za watu. Dani aliniangalia kwenye kioo cha katikati.

"Imeandikwa vizuri sana, Mzee," nikasema.

Akatikisa kichwa kukubali. "Basi," akasema, akaegemea kiti akafumba macho.

Ule mwaka wa kungoja ulikuwa mbaya. Alikuwa akisema hatarudi, kwamba ameshakwenda na hawakumtaka. Nilimwacha aseme. Kilichonitia hofu ni jambo lingine. Hoteli mpya ilifunguliwa karibu na soko, na yule mchoraji wa vibao aliweka jina lake kwa herufi za bluu zilizoinama vibaya, kila moja upande wake. Nilimshika mzee mkono tukapita chini yake. Nilipunguza mwendo makusudi. Mchoraji mwenyewe alikuwa juu ya ngazi, akatuona, akaacha brashi, akangoja. Mchora Ramani alipita bila kusema kitu. Yule mchoraji alishuka ngazi akaniuliza kwa sauti ya chini kama mzee ni mgonjwa.

Jioni hiyo mimi ndiye niliyegonga ukuta. Nilimwambia mambo mengi, na mengi yake sikupaswa kumwambia mtu wa umri ule. Nilimwambia kwamba asipokwenda sitamwazima vijiko tena maisha yake yote.

"Hivyo vijiko yenyewe ni laini," akasema. Lakini alikwenda. Kadi nilikaa nayo mimi, na tulifika hospitali kabla muuguzi hajafungua mlango.

Walimpasua lile la kulia. Wiki kadhaa jicho lilikuwa likiona mwanga na rangi tu, kisha wakamwita kuchukua miwani. Hiyo ndiyo safari ya mwisho niliyomwendesha, maana barua yangu ya uhamisho ilikuwa imeshafika na mwezi uliofuata nilihamia Migori kwa mama. Nilingoja uani karibu na gari. Walitoka pamoja, Dani akiwa nyuma, na yeye mbele, peke yake, hajashikwa mkono, na usoni amevaa miwani minene aliyoikataa miaka yote, macho yakionekana makubwa nyuma yake. Alisimama akasoma kibao cha hospitali. Akasoma kibao cha choo. Hakusema chochote kuvihusu, vilikuwa vimeandikwa vizuri.

Kisha akafungua mlango wa dereva, akaketi, akatazama dashibodi yake.

Alitazama kwa muda mrefu. Aliinamisha kichwa kulia, akakiinamisha kushoto. Aliweka kidole juu ya kioo, akaifuata Rongo jinsi ilivyopanda juu ya Awendo. Dani alijifanya kutafuta kitu ndani ya leso. Mimi nilitazama viatu vyangu.

"Hiyo R imelewa," akasema.

Akaisogelea zaidi.

"Iko hivi tangu lini?"

"Tangu siku uliyoiandika, Mzee."

"Nilikuuliza. Pale njiani. Nilikuuliza na ukasema ni nzuri sana."

"Nilisema."

"Wewe." Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa tena, safari hii akaniangalia mimi. "Wewe hujawahi kusifu hata chai ya Dani."

Niligeukia upande wa ua, maana sikutaka mtu aliyenikera kiasi kile aone uso wangu, hasa sasa alipokuwa anaona. Aligeuka tena kwenye dashibodi. Akagonga kioo cha saa kwa ukucha, mara mbili, pale penye 8.

"Nyara," akasema, "utanitafutia vijiko mbili ya chai."

Nilifungua mkoba. Nilikuwa nimekuja navyo.